Faili Hii Ina Ukubwa Gani?

Mpiga mbizi anayewasha kamera anaposhuka kwenye matumbawe ya Chale, pwani ya Kenya, na kuizima anapopanda dakika arobaini baadaye, hutarajia kukuta filamu moja. Akifika Diani akachomeka kadi kwenye kompyuta, hukuta saba. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha kukata. Pweza aliyekuwa anabadilika rangi anaanza kubadilika katika faili ya tatu na kumalizia katika ya nne.

Hesabu yake ni nyepesi. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde huandika megabaiti 12.5 kila sekunde. Ikifika dakika 5 na sekunde 43 hivi, faili imegonga baiti 4,294,967,295, na kamera inalazimika kuifunga na kufungua nyingine. Dakika arobaini kwa mwendo huo ni gigabaiti 30, yaani vipande sita vilivyojaa pomoni na cha saba kilichobakisha kidogo tu kujaa. Kikomo chenyewe kinatokana na FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao Microsoft iliutoa mwaka 1996 na ambao kadi nyingi za gigabaiti 32 kushuka chini bado huja nao. Walioubuni walitenga baiti nne za kuandikia ukubwa wa kila faili. Baiti nne ni biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoandikika kwa biti 32 ndiyo hiyo hapo juu. Kadi inaweza kuwa na nafasi tele, lakini pale pa kuandikia ukubwa wa faili pamejaa.

Ukunda, katika maduka ya kujaza filamu kwenye flashi, kikomo hichohicho huzua mabishano.

"Kaka, flashi yako mbovu."

"Mbovu vipi, na nimeinunua juzi? Kwani haina nafasi?"

"Nafasi iko, lakini hii muvi haiingii."

Wote wawili wana haki. Flashi ina gigabaiti 20 tupu, filamu ni ya gigabaiti 5, na kompyuta imekataa. Mwenye duka akiibadilisha flashi kutoka FAT32 kuwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo kwa sababu kazi hiyo hufuta kila kitu, filamu itaingia bila taabu.

Nimeanza na kadi na flashi kwa kuwa kila mtu anazo. Sura hii lakini ni ya zile amri fupi ambazo mafundi wa mifumo huandika kwenye skrini nyeusi: ls, du, wc, cp, find, tar na ndugu zao. Hizi ndizo zinazobeba kazi ya seva, ya maabara na ya simu iliyo mfukoni mwako, na karibu kila moja kati yake lazima ijiulize faili hii ina ukubwa gani. Swali linaonekana la mtoto. Ninavyoona mimi, ni miongoni mwa maswali yanayotenganisha programu ya kuaminika na ile itakayokutupa siku unayoihitaji. Ukubwa wa faili ni habari iliyoandikwa na fulani, kwa wakati fulani, kwenye nafasi yenye upana fulani. Programu nzuri hujua ni nani aliyeiandika na imwamini kiasi gani.

Tuanze na inakoandikwa. Katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, kila faili ina jedwali dogo la maelezo linaloitwa ainodi. Humo kuna mwenye faili, ruhusa, saa ilipobadilishwa mara ya mwisho, idadi ya bloku za diski ilizokalia, na ukubwa wake kwa baiti. Ukiandika ls -l, kompyuta haihesabu kitu. Inasoma jedwali na kukuonyesha. Ndiyo maana filamu ya gigabaiti 30 na barua ya mistari miwili hujibiwa kwa kasi ileile. Gunia la nazi lililoandikwa "100" kwa nje nalo husomwa haraka, lakini mnunuzi wa Msambweni huzimwaga na kuzihesabu kabla ya kulipa. Swali la sura nzima ni hili: ni lini usome maandishi, na ni lini umwage gunia?

Kwa miaka mingi nafasi ya kuandikia namba hiyo ilikuwa ndogo kuliko hata ya FAT32. Unix ilitumia namba ileile kuonyesha ukubwa na kuonyesha msomaji yuko wapi ndani ya faili. Msomaji anaweza kuambiwa arudi nyuma, kwa hiyo namba ilibidi ikubali kuwa hasi. Biti moja kati ya 32 ikaenda kwa alama ya kujumlisha au kutoa, zikabaki 31, na kikomo kikawa baiti 2,147,483,647, yaani gigabaiti 2 na ushei. Katikati ya miaka ya 1990 diski zilishapita hapo, na wenye hifadhidata walishachoka kukatakata faili zao. Kampuni zilizokuwa zikitengeneza Unix zikakutana katika kikao kilichojulikana kama Large File Summit, na mwaka 1996 zikatoa makubaliano: namba iwe ya biti 64, na programu za zamani ziendelee kufanya kazi bila kudanganywa. Linux ya kawaida iliupata uwezo huo kikamilifu na toleo la 2.4, Januari 2001.

Maneno "bila kudanganywa" ndiyo yanayonivutia katika makubaliano hayo. Programu ya zamani yenye nafasi ya biti 32 ikijaribu kufungua faili ya gigabaiti 3, mfumo ungeweza kuipa namba iliyokatwa kichwa na kuiacha iendelee. Haukufanya hivyo. Hukataa na kurudisha kosa linaloitwa EOVERFLOW, kwamba namba haienei pale ilipotakiwa kuwekwa. Mtumiaji anakasirika, kazi inasimama, lakini faili inabaki salama. Namba iliyokatwa ingepita kimya, na hasara ingeonekana miezi mingi baadaye wakati nakala ya asili imeshafutwa.

Kwa biti 64 zenye alama, kikomo ni 9,223,372,036,854,775,807. Hakuna diski ya mtu inayokaribia hapo. Mtu angedhani basi mambo yamekwisha, kumbe mfumo ulipanuka na miundo ya faili ikabaki na nafasi zake nyembamba za zamani.

Chukua gzip, programu ya kubana faili iliyoandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992. Mwishoni mwa kila faili iliyobanwa kuna baiti nne zinazoeleza ukubwa wa asili. Ukibana faili ya baiti 5,368,709,120, zile baiti nne haziwezi kuieleza, kwa hiyo zinabeba kile kinachobaki baada ya kuondoa 4,294,967,296. Kwa miaka thelathini, amri ya gzip -l ilisoma baiti hizo na kutangaza kwa ujasiri kuwa faili ya asili ilikuwa na baiti 1,073,741,824, sehemu moja tu kati ya tano za ukweli. Data yenyewe haikuwa na tatizo, na ukiifungua ilitoka nzima. Ila kama hati yako ya amri iliangalia namba ile ili kujua diski ina nafasi ya kutosha, ilikuwa inapanga kwa uongo. Toleo la 1.12 la mwaka 2022 ndilo lililorekebisha, na dawa yake ni ile ya mnunuzi wa nazi: gzip -l sasa huifungua faili yote na kuhesabu kinachotoka. Inachukua muda zaidi, na mimi nasema ni muda uliotumika vizuri.

Hapa turudi pwani. Upande wa magharibi wa rasi ya Chale kuna ghuba ya Gazi, ambayo rasi hiyo huikinga na mawimbi makubwa. Mikoko yake ina zaidi ya hekta 600, na ni miongoni mwa misitu ya mikoko iliyochunguzwa sana Afrika Mashariki, kwa kuwa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo hapo. Vijiji vya Gazi na Makongeni ndivyo vilivyoanzisha mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, unaouza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu huo na kurudisha fedha kwenye maji, shule na upandaji. Msitu unaouzwa kwa vipimo unahitaji kumbukumbu zitakazosomeka baada ya miaka mingi, na kumbukumbu za leo ni faili.

Tuseme mtu anataka kuupiga picha msitu wote kwa droni, kila pikseli ikiwa na upana wa sentimita 5. Hekta 600 ni mita za mraba milioni 6. Kila mita ya mraba ina pikseli 400, basi jumla ni pikseli bilioni 2.4. Kila pikseli ina rangi tatu, kila rangi baiti moja. Picha moja ya ghuba moja: gigabaiti 7.2.

Picha za namna hii huhifadhiwa kwa muundo wa TIFF, ambao huandika ndani yake kila kipande cha picha kinaanzia baiti ya ngapi. Namba hiyo ni ya biti 32. Mwisho wa TIFF ya kawaida kwa hiyo ni gigabaiti 4 na kidogo, hata ukiwa na diski kubwa kama bahari. Wenye kazi hizo walibuni BigTIFF, yenye namba za biti 64, na maktaba ya libtiff ikaanza kuikubali rasmi katika toleo la 4.0 mwaka 2011.

Bado kuna mtego, na ni mtego unaofundisha. GDAL, mkusanyiko wa amri unaotumiwa na karibu kila mtengeneza ramani, ukiachwa uamue wenyewe utachagua BigTIFF pale inapohitajika. Lakini uamuzi unafanywa mwanzoni, kabla ya pikseli ya kwanza kuandikwa. Picha isiyobanwa haina shida, kwani upana mara urefu mara rangi hutoa jibu. Ukiomba ibanwe, GDAL haiwezi kujua matokeo yatakuwa makubwa kiasi gani mpaka imalize kubana, basi inachukua TIFF ya kawaida. Kazi inakwenda saa nzima, inafika gigabaiti 4, inakwama. Aliyewahi kukwama hivyo huandika BIGTIFF=IF_SAFER katika amri yake, akimaanisha: ukiwa na shaka, chukua nafasi pana. Hiyo ndiyo tabia ninayoitaka kwa programu yoyote inayolazimika kukisia ukubwa. Baiti chache za ziada hazimuumizi mtu.

Sasa tuje kwenye namba zenye nafasi ya kutosha lakini zisizosema unachodhani zinasema.

Kwenye kompyuta yoyote ya Linux, andika ls -l /sys/class/net/lo/address. Utaambiwa faili ina baiti 4,096. Isome kwa cat: utapata sufuri kumi na mbili zilizotengwa kwa nukta pacha, yaani herufi 17 na alama ya kumaliza mstari. Baiti 18. Kisha tazama /proc/cpuinfo, inayoeleza kichakataji chako. Ukubwa wake ni 0, na ndani yake mna maandishi ya kurasa kadhaa. Faili hizi hazipo kwenye diski yoyote. Kiini cha mfumo hutunga yaliyomo pale unapoyasoma, na hakiwezi kujua urefu wake kabla ya kuyatunga. Kwa hiyo kinaandika chochote: sufuri, au ukubwa wa ukurasa mmoja wa kumbukumbu.

Programu iliyoandikwa kwa haraka husema: ukubwa ni sufuri, hakuna cha kusoma, nimemaliza. Tazama wc -c ya GNU, inayohesabu baiti za faili, inavyofanya kazi ileile. Kwanza inauliza ukubwa. Namba ikiwa si mafungu kamili ya ukurasa wa kumbukumbu, ambao kwenye kompyuta nyingi ni baiti 4,096, inaiamini na kujibu papo hapo, kwa sababu namba ya ovyoovyo namna hiyo ina dalili zote za kuwa ya kweli. Ikiwa ni mafungu kamili, sufuri ikiwemo, inashuku. Hapo inaruka mpaka karibu na mwisho uliotangazwa, kisha inasoma kilichobaki hadi kiishe na kukihesabu. Kwa faili ya /sys inasoma na kukupa 18. Kwa filamu ya gigabaiti 30 inakujibu bila kusoma gigabaiti 30. Mistari hiyo michache ya msimbo inaeleza sura hii kuliko ninavyoweza kuieleza kwa kurasa: aliyeiandika aliamua ni lini aamini na ni lini ahesabu, na akatafuta dalili ya kuzitofautisha.

Kuna namba nyingine za kupita haraka. Ukubwa wa folda haukuelezi vilivyomo, bali jedwali la majina yake. Ukubwa wa kiungo cha njia ya mkato ni urefu wa jina linaloelekezwa, kwa hiyo kiungo cha kwenda /data/gazi kina baiti 10 hata kama huko kuna terabaiti. Diski nzima ikitazamwa kama faili huonyesha sufuri, na anayetaka ukubwa wake lazima aulize kwa njia nyingine.

Faili zenye mashimo zinahitaji kukaa nazo kidogo. Andika truncate -s 10G shimo.img. Amri inamalizika kabla hujainua kidole. Ls inasema baiti 10,737,418,240. Du inasema 0. Zote mbili zinasema kweli. Ls inaeleza faili ni ndefu kiasi gani kwa anayeisoma, na du inaeleza imekalia diski kiasi gani. Hakuna kilichoandikwa bado, kwa hiyo mfumo umerekodi urefu tu, na ukiisoma utapewa sufuri tupu. Mashine pepe na hifadhidata hutumia mashimo haya kila siku. Ukiinakili kwa cp ya GNU, mashimo yanatambuliwa na kuhifadhiwa. Ukiipeleka kwenye flashi ya FAT32, ambayo haijui mashimo, kila sufuri italazimika kuandikwa, na kabla hujafika nusu utagonga ule ukuta wa Ukunda. Kwa hiyo anayepima kama kitu kitaenea mahali hana budi kuchagua namba kulingana na kinakokwenda: du kwa diski kilipo, ls kwa safari.

Vipimo navyo vina fitina zao. Kadi ya gigabaiti 64 ukiichomeka hukuonyesha 59 na ushei, na watu hudhani wameibiwa. Kiwandani gigabaiti ni baiti 1,000,000,000. Programu nyingi huhesabu kwa 1,073,741,824. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilileta alama za KiB, MiB na GiB ili kuzitofautisha, lakini wengi hawajazizoea. Katika hati ya kazi mimi hushauri baiti tupu na si kitu kingine. Sababu yangu kubwa ni amri ya find. Mtu anataka faili zote zilizo chini ya megabaiti moja, anaandika find -size -1M, na anapata faili tupu peke yake. Find hukadiria kwenda juu kwanza: faili ya baiti moja ni megabaiti 1, faili ya nusu megabaiti ni megabaiti 1. Kilicho pungufu ya 1 baada ya kukadiria ni 0 tu. Ukiandika -size -1048576c, kwa baiti, unapata ulichotaka. Maelezo hayo yamo kwenye mwongozo wa find wazi kabisa, na bado kuna hati za kusafisha seva zinazokosea hapo kila usiku.

Halafu kuna wakati. Namba uliyoisoma ni ya pale ulipoisoma. Kifaa kinachoandika joto la maji kila dakika hakisimami kukusubiri, na faili yake inakua kati ya kuuliza ukubwa na kuanza kunakili. Ndiyo maana cp haisomi "baiti kadhaa" kama ilivyoambiwa, bali inasoma mpaka mfumo useme hakuna tena. Ukubwa inautumia kama fununu ya kupanga kazi, basi.

Tar haina uhuru huo, na ndipo ugumu ulipo. Tar hufunganya faili nyingi katika moja, na mbele ya kila faili huandika kichwa chenye jina na ukubwa, kisha baiti zenyewe. Ukubwa unatangulia. Kama kifurushi kinapelekwa moja kwa moja kwenye mtandao, hakuna kurudi nyuma kusahihisha. Faili ikikua katikati, tar ya GNU hukomea pale ilipotangaza na kukuonya kuwa faili ilibadilika ikisomwa. Ikipungua, hujaza sufuri mpaka namba itimie, na hukuambia faili imepungua kwa baiti ngapi. Wengine huona kujaza sufuri ni vibaya. Nadhani ni uamuzi sahihi: bila hivyo, kila kilichofuata ndani ya kifurushi kingesogea na kupotea. Faili moja inaharibika kwa uwazi, na mia zilizobaki zinaokoka. Kosa ni la yule anayezima maonyo ya tar kwenye hati zake ili barua pepe zisimsumbue asubuhi.

Kwa wanaoandika hati, maneno machache. Msichambue matokeo ya ls kwa kuhesabu safu. Jina lenye nafasi katikati litawavuruga. Kwenye Linux stat -c %s hutoa baiti peke yake, na kwenye Mac ni stat -f %z. Anayetaka amri moja ya kwenda popote atumie wc -c akiielekezea faili kwa alama ya <. Angalieni pia mnakojumlishia. Mawk ya toleo la 1.3.3, iliyokaa miaka mingi kama amri ya awk, ya kuchambua maandishi na kujumlisha, kwenye Ubuntu, ilipoambiwa ichapishe jumla kwa %d ilisimama kwenye 2,147,483,647 na kutoa namba hiyo bila kulalamika, kwa folda ya gigabaiti 3 na ya gigabaiti 300 vilevile. Ukiona namba hiyo popote katika ripoti, usiendelee. Inaanza na 2147, na inafaa ikae kichwani mwa kila fundi.

Lililobaki ni kuihamisha ile filamu ya Chale bila kuipoteza. Cp ikimaliza na kukurudishia mstari wa amri, baiti nyingi bado zimo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, zikingoja zamu ya kuandikwa. Ls itaonyesha ukubwa kamili kwenye diski unayonakilia, kwa kuwa jedwali nalo linasomwa kutoka kumbukumbu. Umeme ukikatika au mtu akichomoa waya, utakuta faili zenye urefu kamili na sufuri ndani, au zisizo na kitu. Andika sync na usubiri imalize. Kisha ondoa diski kwa utaratibu, ichomeke upya, ndipo ulinganishe. Wengi huruka hatua hiyo ya kuchomeka upya, na mimi naishikilia sana: ukilinganisha papo hapo kwa cmp, unaweza kuwa unalinganisha kadi na kumbukumbu ya kompyuta, na diski yenyewe haijaulizwa lolote.

Kulinganisha ukubwa peke yake hakutoshi. Rsync, programu ya kusawazisha nakala, kwa kawaida huangalia ukubwa na saa tu, na kwa kazi ya kila siku hiyo inafaa. Ukitaka isome yaliyomo, iongezee -c. FAT32 hurekodi saa kwa kuruka sekunde mbili mbili, kwa hiyo bila --modify-window=1 rsync inaweza kudhani faili zisizobadilika zimebadilika. Kwa filamu ambazo haziwezi kupigwa tena, sha256sum hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64 kutokana na kila baiti iliyomo. Utengeneze kutoka kwenye kadi, uuhifadhi kwenye faili ndogo pembeni, na uukague kwenye kila diski unayonakilia kwa sha256sum -c.

Na kabla ya yote hayo, ipime kadi yenyewe. Sokoni kuna flashi na kadi zilizochezewa ili ziiambie kompyuta kuwa zina gigabaiti 512 wakati ndani zina chache. Zinapokea faili zako zote, zinaorodhesha majina na ukubwa sahihi, na kimya kimya zinaandika mapya juu ya ya zamani au kuyatupa. Hapa anayedanganya kuhusu ukubwa ni chuma chenyewe, na hakuna ls wala du itakayomnasa. Kuna programu huria iitwayo F3 kwa kazi hiyo. F3write hujaza kadi yote kwa faili za gigabaiti moja moja zenye maandishi yanayojulikana; f3read huyasoma yote na kukuambia yaliyorudi mazima ni mangapi na yaliyopotea ni mangapi. Kadi kubwa huchukua saa nyingi. Ianzishe jioni, na asubuhi, kabla mashua haijatoka kwenda kwenye mwamba, utakuwa na namba iliyohesabiwa baiti kwa baiti.